Moyo Yako Ngumu

Ntinda, Kampala
9 Agosti 2009

Kwa dada yangu mpendwa Nakhisa,

Pokea salamu zangu, wewe na wote wa boma letu. Natumai magoti yanakuruhusu kufika shambani, na yule jogoo wako mkorofi bado hajaingia chunguni. Mimi nipo. Duka la vifungo na nyuzi linaenda, magari yanapiga kelele kutwa, na jioni nikishafunga mlango sina wa kumwambia hata kwamba mvua imenyesha.

Najua umenikasirikia. Maneno yako baada ya mazishi ya mama yalinifikia kupitia binamu yetu Makokha: kwamba Nabwire ana moyo mgumu, hata mama mzazi hakumzika. Sikujibu, na tangu hapo ukipiga simu sipokei.

Mwezi uliopita miguu ilivimba hadi viatu vikanikataa, nikaenda hospitali. Daktari ni binti wa Kiacholi, jina lake Acayo, mtoto wa askari. Kiswahili chake ni kile cha kambi za jeshi. Alinilaza ubavu, akapitisha mashine kifuani, akautazama moyo wangu kwenye kioo, kisha akasema, "Mama, moyo yako ngumu." Dada, niliinuka kutafuta leso yangu niondoke. Nilidhani umempigia simu!

Akanikalisha, akaeleza kuwa moyo hushindwa kwa njia mbili. Kuna ule unaochoka, ukatanuka, ukakosa nguvu za kusukuma damu. Nilipomsimulia habari za ugonjwa wa moyo wa baba, akasema huenda wake ulikuwa huo. Wangu unasukuma vizuri tu. Shida ni kwamba presha ya miaka mingi imeukaza, haulegei ukajaa damu inavyotakiwa, hivyo maji yanajaa mapafuni na miguuni. Amenipa vidonge vya kupunguza maji, presha lazima ishuke, na chumvi ameipiga marufuku. Matoke bila chumvi, Nakhisa, heri kutafuna kitambaa. Alisema hautapona kabisa, lakini nikijitunza naweza kuishi nao. Akauliza nani anakaa nami nyumbani. Nikasema wapo wengi.

Sasa nisikilize. Siku ya mazishi nilikuja. Nilishuka Busia, nikapanda pikipiki hadi kwenye kinu cha unga pale chini ya kilima chetu. Matope yakamshinda dereva, nikaanza kupanda kwa miguu. Sikufika mbali. Pumzi ilikatika, nikarudi nikakaa kwenye gunia pale kinuni. Nilisikia mnaimba, na sauti yako ikiongoza. Mwanamke wa kinuni alinipa maji, akaniuliza mimi ni mgeni wa nani. Niliona haya kubebwa mbele ya watu kama mzigo, mimi wa Kampala, basi mlipomaliza kuimba nikageuza. Nilimzika mama nikiwa nimekaa kwenye gunia.

Na simu sipokei kwa sababu simalizi sentensi bila kuhema, nawe ungesikia.

Nimechoka na upweke, dada. Siwezi tena kulala chali, nalala nimekaa, na mito ikianguka hakuna wa kuirudisha. Njoo. Kama ni kunitukana, nitukane nikikuona.

Wasalimie watoto wote, na kaburi la mama ulipalilie kwa niaba yangu. Ukifika Ntinda uliza duka la vifungo la Mkenya. Nimemwambia daktari wapo wengi. Usiniache niwe mwongo.

Ni mimi mdogo wako,
Nabwire