Nywele Zetu Ziko Darasani Kwako

Rwamgasa,
Geita.
Tarehe 9 Juni, 2025.

Mpendwa mdogo wangu Bujiku,

Shikamoo yako nimeipokea ingawa hujaituma. Marahaba. Habari za Dar es Salaam, habari za wifi yangu Justa na watoto? Kile kikohozi chako cha asubuhi kimekuacha? Sisi huku mhola, tunaamka, tunakula, mahindi yametoka kiasi chake. Mama mguu bado unamsumbua, lakini hataki mtu mwingine awafungulie mbuzi wake.

Salamu zimekwisha. Sasa nina hasira na wewe, na ningependa uisome barua hii ukiwa umekaa.

Naandika kwa sababu simu hupokei. Nikipiga unanitumia ujumbe, "Nipo kwenye kikao, dada." Kikao gani hicho kisichoisha toka Pasaka? Barua nimempa Benjamini, anakuja huko kununua vipuri vya karasha lake la kusagia mawe ya dhahabu. Nimemwambia akukabidhi mkononi na asiondoke mpaka uifungue. Benjamini unamjua, hataondoka.

Juzi nilikuwa dukani kwa Mzee Jafferali, redio ikakutaja. Dokta Bujiku, mhadhiri wa chuo kikuu, mzaliwa wa Geita. Ukasema chuo kisichomjua maskini ni majengo tu. Ukasema mtafiti asiwe mtu wa kuja kuchuma na kuondoka. Mzee Jafferali akaongeza sauti, akanitazama kwa furaha: "Mama Davis, si mdogo wako huyo?" Nikasema ndiye. Moyoni nilitaka kupasuka. Nikachukua sabuni yangu nikatoka kabla hujamaliza.

Umesahau ulivyokuja kiangazi cha mwaka jana na wanafunzi wako? Basi nikukumbushe. Mlitaka nywele za wanawake wa mwaloni, sisi tunaoosha mchanga na kuikamata dhahabu kwa zebaki, mkapime sumu imeingia kiasi gani mwilini. Wanawake wakakataa wote. Wewe ni Msukuma, unajua kwa nini: nywele za mtu hapewi mgeni akaondoka nazo. Wanafunzi wakabaki na mikasi yao wanatazamana. Mimi ndiye niliyefungua kilemba, nikakaa kwenye ndoo, nikasema, "Kata. Huyu nimembeba mgongoni, hawezi kututupa." Ndipo Mwamvua akakaa, wengine wakafuata, na mkwe wangu Vumilia, mke wa Davis, na tumbo lake kubwa. Ukaahidi kwa mdomo wako, kwa Kisukuma, kwamba majibu utayaleta mwenyewe kabla ya mvua, na kila mmoja utamweleza ya kwake.

Mvua zilikuja. Tumelima, tumepalilia, tumevuna. Wewe hujaonekana.

Vumilia alijifungua salama, mtoto wa kiume. Hongera yako tuliipata kwenye simu, maneno mawili na picha ya maua, hata jina la mtoto hukuuliza. Toka hapo mama wa watu hana raha. Kazi ya mwaloni ameacha, lakini kilichokwisha kuingia mwilini kimeingia. Nesi wa zahanati alimwambia aendelee kunyonyesha, ila alete majibu ya vile vipimo daktari ayaangalie. Majibu yapi? Anamweka mtoto kifuani, anamtoa, anamrudisha, analia. Nakaa naye kitandani naangalia hayo, ndugu yangu.

Wiki iliyopita akapita Fiza, yule mwanafunzi wako wa Shinyanga mjini, binti wa wenye duka la vitambaa. Alikuwa anaenda Chato kwa jamaa zake, akashuka kutusalimu, Mungu ambariki, yeye alikumbuka njia. Nikamuuliza majibu yetu yamekwama wapi. Mtoto wa watu akainamisha kichwa.

"Shangazi, mbona yalitoka kabla ya Krismasi? Tunayasoma darasani."

Mnayasoma darasani! Kwenye somo lako la umaskini na haki ya jamii! Nywele za Vumilia zimegeuka michoro ukutani, wanafunzi wanaandika, wanafanyia mtihani, wanafaulu, na mwenye nywele yuko Rwamgasa hajui amnyonyeshe mtoto au asimnyonyeshe. Fiza alisema uliogopa kuleta taharuki, na kwamba andiko lako lazima litoke kwanza kwenye jarida la Ulaya. Taharuki ya nani, Bujiku? Muda wote huu tumeogopa, tena bila kujua tunaogopa kitu cha ukubwa gani. Nani alikwambia maskini hawezi kusikia habari mbaya? Tumezisikia toka tuzaliwe. Na hiyo haki unayoifundisha, mwenyewe ni nani?

Na ya kwangu nikueleze. Alipofariki mzee Wiliam nilikwenda msibani, nikafunga kanga kiunoni, nikashika mwiko kusonga ugali na wenzangu. Mwamvua akautoa mkononi mwangu taratibu. "Pumzika, mayu. Wewe ni dada wa dokta." Nikaenda kukaa kwenye viti na wageni wa mjini, nikaletewa chakula kwenye sahani kama mgeni. Wewe unajua maana yake mwanamke wa hapa kuambiwa apumzike msibani. Wanasema niliuza nywele zao. Wengine wanasema zilikwenda kwa waganga.

Sikatai unachofundisha. Uliponisimulia jinsi wenzako chuoni walivyokucheka kwa kuwapeleka wanafunzi kwenye vumbi la karasha, nilijivunia, nikasimulia kanisani. Endelea. Wafundishe watoto wa watu kutuona. Lakini afadhali wale wasomi wasiotuona kabisa, maana wao hawajatukata nywele. Hasira yangu yote iko hapo.

Ninachotaka ni hiki. Panda basi, uje. Usilete fulana za mradi, usituite kwenye ukumbi wa hoteli Geita mjini tukapige makofi. Njoo mwaloni, kaa kwenye ndoo ile ile, umwambie kila mwanamke ya kwake pembeni, polepole, kwa lugha uliyotuahidi nayo. Anza na Vumilia. Kama ni mabaya, sema ni mabaya, na useme tufanye nini. Na kabla hujapanda hilo basi, leo hii, Benjamini akiwa bado amesimama hapo mlangoni, mpigie Vumilia. Mimi usinipigie.

Mama anakusalimu sana, haya sijamwambia. Davis anakusalimu kwa shingo upande. Yule Fiza usimwonee darasani kwa kusema ukweli, ukimgusa nitakuja huko mwenyewe. Nisalimie wifi Justa, mwambie karanga zake zimo kwenye mfuko alioubeba Benjamini.

Vumilia naye anakuamkia, shikamoo, pamoja na mwanawe Bujiku. Ndiyo, Bujiku. Kwetu jina hilo hupewa mtoto wa usiku, kama ulivyozaliwa wewe, na huyu alizaliwa mchana, jua la utosi. Watu walimshangaa mama yake. Akawajibu kwamba hakuangalia saa, amempa jina la babu yake anayekuja na majibu.

Mungu akulinde njiani, maana njiani ndiko ninakotaka uwe.

Dada yako akupendaye, hata leo,

Asteria, Mama Davis