Mbegu za Mgomba wa Tumpe

Mpendwa dada Yunis,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuitikia, ila tangu nijue kusema sijawahi kuanza kuongea na wewe kwa neno jingine, na kwa umri huu siwezi kujifunza adabu mpya.

Mbegu hazikuota. Natangulia na hilo kwa sababu hukupenda kuzungushwa. Uliondoka ukiwa bado unaniuliza kila asubuhi, "Vipi, kuna kitu?" nami nakujibu, "Bado, dada." Sasa jibu limepatikana. Hakuna kitu.

Nakumbuka siku uliyoshuka kwenye basi hapa Iguguno. Upepo wa kiangazi ulikuwa unazoa vumbi na makapi ya alizeti barabarani, jua la saa saba linachoma, na wewe umevaa sweta zito la baridi ya Rungwe. Dada niliyemjua alikuwa mama wa mwili na sauti. Aliyeshuka alikuwa ameshikilia mlango wa basi kwa mikono miwili, anatafuta ardhi kwa mguu. Nikapokea begi lako, nikakuuliza mizigo mingine inakuja na gari gani.

"Mizigo ni hiyo," ukasema. "Nimefukuzwa, mdogo wangu. Twende nyumbani."

Hukunisimulia siku hiyo. Ulisimulia kidogo kidogo, tukiwa tunapepeta alizeti au tunachambua mlenda. Shemeji alifariki, na matanga hayajaisha vizuri ndugu zake wakakaa kikao, wakasema mwanamke asiye na mtoto hana chake pale. Ukawaambia, "Nilikuwa na mtoto." Wakakujibu, "Huyo alishakufa."

Tumpe wako nilimwona mara moja tu, ulipomleta akiwa anajifunza kutembea. Upepo wetu wa Singida ulimtisha. Kila ulipovuma alikimbilia kwenye kitenge chako, akajifunika uso, akidhani akishindwa kuuona basi na wenyewe haumwoni. Homa ilimchukua kabla hajaanza shule. Mlimzika nyuma ya nyumba, ukingoni mwa bonde, chini ya mgomba mwitu.

Mimi sikujua hata kwamba kuna mgomba wa namna hiyo. Wewe ndiye uliyenieleza: unakua mnene kuliko migomba ya kula, hautoi machipukizi, unazaa mara moja kisha unakufa, na tunda lake limejaa mbegu tu. Asubuhi uliyotolewa kwenye nyumba yako ulikwenda kumuaga mwanao, ukakuta mgomba umezaa na matunda yameanguka juu ya kaburi. Ukapasua, ukatia mbegu kwenye mfuko wa sweta. Nyumbani kwangu ukazimwaga kwenye ungo. Zilikuwa nyeusi, kubwa kuliko maharage, ngumu kama kokoto.

"Mizizi ya mgomba huu ilikuwa inamgusa mwanangu," ukasema. "Nataka uote hapa."

"Dada, hapa hata mgomba wa kawaida unateseka."

"Maji niliyoogea yatautosha."

Kisha nikaja kujua kwamba ulikuwa unatokwa damu na unanificha. Hospitalini wakatuambia ni saratani ya mlango wa kizazi na imeshasambaa. Daktari alikuwa mtu mpole. Alitupa dawa za maumivu, akatuambia turudi nyumbani tukae pamoja. Njia nzima sikuweza kukutazama. Wewe ulikuwa unatazama nje tu, na tulipokaribia kufika ukanigusa bega.

"Kesho nipeleke kwa bibi shamba."

Bibi shamba, binti mdogo wa ofisi ya kilimo, alizichukua mbegu zako, akazigeuzageuza kiganjani, akazigonga kwenye meza. Nilimpenda kwa sababu hakutudanganya. "Mama, sikufichi," akasema. "Mbegu hizi zinawasumbua hata wataalamu. Nyingine zinakaa miezi mingi, nyingine haziamki kabisa. Na hizi naona zimekauka sana."

"Wewe nieleze namna ya kufanya," ukamwambia. "Habari ya kuota niachie mimi."

Akatueleza. Tusugue ganda kwa msasa mpaka lipungue unene. Tuloweke kwenye maji ya uvuguvugu, tuyabadilishe kila siku. Tupande kwenye mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza, tuweke mahali penye joto, na udongo usikauke hata mara moja. Mbegu iliyo hai, akasema, ukiipasua ndani ni nyeupe kama unga.

Kama kuna siku katika miezi ile nilisahau kwamba unakufa, ni zile tulizokaa kwenye mkeka nje ya jiko tukisugua mbegu. Vidole vilituchubuka. Ulikuwa unasugua moja, unaipuliza, unaipeleka kwenye mwanga, unairudia. Na ulikuwa unamtaja Tumpe. Miaka yote hiyo hukuwahi kumtaja bila mimi kukuuliza, lakini pale alitoka mzima mzima: alivyopenda ukoko wa ugali, alivyokuwa anampa mbuzi jina la babu yake na kuchapwa kwa ajili hiyo, alivyolala amekushika sikio. Ulicheka mpaka ukashika tumbo, na ukalishika kwa muda mrefu kuliko kicheko chenyewe.

Tulizipanda kwenye dumu la mafuta lililokatwa ubavu. Nikaliweka jikoni karibu na mafiga, nikalifunika kwa wavu, maana kuku wangu hawaachi kitu ardhini. Ukawa huwezi tena kufika jikoni, ukabaki kuuliza.

Ile asubuhi niliyoona kijani, sikumbuki nilivyotoka jikoni. Nakumbuka napiga kelele, "Dada! Dada, umeota!" Nikalibeba dumu zima mpaka kitandani kwako, mchanga unamwagika sakafuni. Ukajiinua kwa kiwiko, jambo ambalo siku hizo lilikuwa kazi kubwa. Ukatazama. Ukatazama tena.

"Hilo ni boga," ukasema.

"Labda ndiyo unavyoanza, dada. Labda..."

"Mdogo wangu. Ndoa yangu yote nimeishi kwenye migomba. Mgomba unatoka umejiviringa, jani moja, kama karatasi iliyokunjwa. Hilo lina majani mawili. Ni boga, limetoka kwenye samadi."

Nililia mimi. Wewe ndiye uliyekuwa unakufa, na wewe ndiye uliyenipapasa kichwa. Nilipotaka kuling'oa ukanishika mkono. "Liache. Halina kosa."

Hukumaliza wiki. Tulikuzika karibu na baba na mama, alizeti zikiwa zimeinamisha vichwa tayari kuvunwa. Watu walikuja wengi, dada. Walikuimbia vizuri.

Baada ya hapo niliendelea kumwagilia. Majirani walinyamaza, walidhani ni namna yangu ya kuomboleza, na pengine ni kweli. Lakini nilikuwa naamini pia. Nilijiambia kwamba ukitoka hata mmoja nitauhamishia kaburini kwako, uwe na kitu cha mwanao. Kiangazi kikapita, mvua zikaja zikaondoka, upepo ukarudi. Siku moja nikalimwaga dumu uani. Mbegu zilikuwa vilevile, nyeusi, kama tulivyoziweka. Nikachukua moja, nikaiweka juu ya figa, nikaipasua kwa jiwe. Ndani palikuwa na vumbi la kijivu. Ya pili ilitoa maji meusi yenye harufu. Nilizipasua zote. Nilishajua baada ya zile za mwanzo, lakini nikaendelea hadi ya mwisho.

Mchungaji wetu ananiambia wewe na Tumpe mko pamoja sasa, kwamba mambo ya kaburi na migomba ni yetu sisi tuliobaki. Ni mtu mwema. Huwa namshukuru. Ila anaposubiri niseme amina, kinywa hakifunguki.

Basi nikasema nitakwenda mwenyewe kuchukua mbegu nyingine, mbichi, kutoka mgomba mwingine wa palepale kaburini, hata kama ule umeshakufa. Nimerudi juzi.

Nilipita Dodoma, nikapita Iringa, nikafika kwenu Rungwe mwili wote unauma. Baridi ile uliyokuwa unaisema nimeijua. Nyumba yako ipo, imepakwa rangi. Mdogo wa shemeji ndiye anayekaa humo. Nilikwenda nimejiandaa kwa ugomvi, na kumbe alinipokea vizuri, na hilo ndilo lililonimaliza. "Karibu shemeji, pole na safari." Chai ya maziwa, ndizi za kupika. Nilipomwambia umefariki akavua kofia, akainama. "Hatukupata taarifa," akasema.

Nikamwomba anionyeshe kaburi la Tumpe.

Akairudisha kofia kichwani. Kisha akatangulia, nikamfuata nyuma ya nyumba. Dada, hakuna mgomba. Bonde lote mpaka chini mtoni ni miparachichi, michanga, imepangwa mistari, kila mche una kijiti chake.

"Tulisafisha eneo lote," akasema. "Ile migomba mwitu ilikuwa inaziba tu."

"Na kaburi?"

"Halikuwa limejengewa, shemeji. Waliolima hawakujua." Akanyoosha mkono. "Ni maeneo haya." Mkono wake ulianzia kwenye ua wa jirani, ukapita polepole, ukaishia karibu na njia ya mtoni.

Akaniambia migomba mwitu mingine inaweza kupatikana juu msituni, kama ni mbegu tu ninazotaka, angemtuma mtu. Nikamwambia asihangaike.

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia kutoka Iguguno. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Sikusema hata moja. Nguvu zilinitoka, dada, na sijui kama zitarudi. Tangu nifike nyumbani nafungulia kuku, nafungia kuku, basi.

Aliporudi ndani niliingia katikati ya mistari. Nikataka kusali, nikashindwa kujua nielekee upande gani. Nikasimama tu mahali, nikaongea kwa sauti ya kawaida, kama mtu anavyoongea na mtoto aliye chumba cha pili.

"Tumpe, mama yako amekufa. Tumemlaza Iguguno, kule kwenye upepo."

Mvua ikaanza. Mdogo wa shemeji akaniita niingie ndani nisilowe, nikaingia.

Hayo ndiyo niliyorudi nayo, dada. Mikono mitupu. Lala.

Mdogo wako.