Vitunguu Nilivyovifunga Ndani ya Kanga

Jumapili. Mvua tangu alfajiri, na dari letu hapa Mkunazini linavuja juu ya kabati.

Na ndiyo, ile picha nimeiondoa mwenyewe. Msidhani mtandao umeharibika. Ile ya ua jekundu, mviringo mtupu, kama fundo la nyuzi za hariri, niliyoiandikia maneno matamu mpaka baadhi yenu mkanicheka. Kila nikiifungua nilikuwa nasikia masikio yanawaka moto.

Niseme kwanza kwamba furaha yangu bado ipo. Ndoa bado mbichi. Haji akirudi kazini navitambua viatu vyake tangu ngazi ya chini, na moyo unanitangulia mlangoni. Hilo halijabadilika. Lakini leo siandiki mapenzi, au naandika yale mapenzi yaliyonipumbaza.

Mwezi uliopita, fungate ilipokwisha, Haji alinipeleka shamba kwa mama yake, Bi Mize, mbele kidogo ya Jozani. Masika ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Nyuma ya nyumba, muhogo unapoishia, nikaliona lile ua. Limesimama juu ya ardhi tupu, halina hata jani moja, kama mtu amekuja akalichomeka pale. Pembeni mengine yalikuwa yanachungulia.

Wakati wa uchumba Haji aliwahi kuniambia kwamba utotoni alikuwa akilisubiri ua hili kila mvua za kwanza, na kwamba siku aliponiona nimevaa nyekundu alilikumbuka. Sasa mwanamke aliyeambiwa maneno kama hayo afanye nini?

Nilichimba.

Haji alikuwa amekwenda kusali Ijumaa, na mama alikuwa jikoni anakuna nazi. Nilipiga picha kwanza, kisha nikachukua kisu. Nilitaka iwe zawadi ya kumshtukiza mume wangu, kwa hiyo sikumuuliza mtu. Vitunguu vyake vya chini ya ardhi vikatoka vyote, vinene, na udongo wake. Nikavifunga ndani ya kanga mpya aliyonipa mama asubuhi ileile, nikavitia mkobani. Sikujiona mwizi. Kitu cha mwituni, nilijiambia, hakina mwenyewe.

Hapa mjini nikavipanda kwenye kopo la samli nililolitoboa chini, kwa mchanga na samadi kidogo, shingo zikiwa nje ya udongo, nikaliweka dirishani. Ua likanyauka. Nikasikitika kama mtoto. Kisha majani yakaja, mapana, yenye kung'aa, na Haji, ambaye akilini mwake lilibaki ua tu, hakuyatambua hata kidogo.

"Wenzangu wake zao wanapanda waridi," akasema, "wangu kapanda vitunguu maji!"

"Subiri mwakani utajua," nikamwambia, na nilijiona mjanja kweli.

Hapo ndipo nilipowaandikia kwamba nimepata kitunguu pori. Nilikuwa na uhakika wote: chini kitunguu, juu ua la mviringo kama la kitunguu kilichosahauliwa shambani. Nikasema hata kwamba nitayaonja majani kwenye kachumbari. Mmoja wenu, Mungu ambariki, akaniandikia: livunje jani ulinuse kwanza, kitunguu hunuka kitunguu, kiwe cha shamba au cha mwitu. Nikavunja, nikanusa. Harufu ya majani tu. Kumbe ni ndugu wa yale mayungiyungi ya bustanini, na katika hao wengi ni sumu.

Hiyo ilikuwa aibu ndogo, nikaicheka.

Kubwa ilikuja Alhamisi tukiwa tunakula. Mama akapiga simu, na Haji, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na mchuzi, akaiacha sauti nje, kwenye spika.

"Haji, mpaka umeng'olewa."

"Mpaka gani, mama?"

"Vile vitunguu vya baba yako na Pandu. Havipo. Na Pandu anasema nimeving'oa mimi, ati nataka kumlia shamba lake."

Mzee Pandu ni mdogo wake marehemu baba mkwe. Siku ndugu hao wawili walipogawana shamba, walivipanda vitunguu vile pamoja juu ya mstari. Mbuzi hawavili, moto wa kusafishia shamba hauviui, na kila masika hutoka palepale vilipowekwa. Kule mtu akiliona lile ua anajua asitie jembe lake mbele zaidi. Na sasa Mzee Pandu amesema mwisho wa mwezi atamwita sheha wa kijiji na wazee, na Bi Mize aape mbele yao.

Mjane, mtu mzima, aapishwe mbele ya majirani kwamba hakuiba ardhi ya shemeji yake.

Kopo lilikuwa dirishani, nyuma ya kichwa cha Haji.

Na mama, kabla hajakata, akauliza: "Na mwanangu hajambo? Mwambie ile kanga aivae, asiifungie kabatini."

Nikainuka kuleta maji ya kunawa. Ijumaa nzima sikusema. Nitakiri hapa jambo baya zaidi: nilifikiria kwenda kimyakimya na kuvichomeka tena, yaishe. Lakini Mzee Pandu angesema mama ameogopa kiapo akavirudisha. Ningemmaliza kabisa.

Jana asubuhi nikaliweka kopo mezani, mbele ya chai ya Haji, nikamwambia. Hakupiga kelele, na nilitamani apige.

"Nikimwambia mimi, nitakuwa nimekuficha nyuma ya kanzu yangu," akasema. "Piga wewe."

Nimepiga leo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti nyembamba?"

Nikayasema yote bila kupumua. Nikasikia mvua ya upande wake.

"Hukuvila?" akauliza.

"Sikuvila, mama."

"Na Haji? Hukumtilia mchuzini?"

"Hapana, mama."

"Alhamdulillahi. Vile vinaua mtu."

Hilo ndilo alilouliza kwanza! Anaitwa mwizi kijiji kizima kwa ajili yangu, na anauliza kama nimekula. Nikalia kwa sauti, mpaka Haji akaja kusimama mlangoni.

"Haya nyamaza unisikilize," akasema mama, na sasa sauti ilikuwa kavu. "Uje navyo wewe, asivibebe Haji. Maji usivimwagie sana. Na kwa Pandu utakwenda kwa miguu yako, umwambie kwa kinywa chako, maana mimi nshasema nkachoka. Na unioneshe ulipochimba. Mvua imeshafukia pote."

Ulipochimba. Ndipo nilipoikumbuka picha. Kwenu nimeifuta, lakini kwenye simu ipo, na nyuma ya ua linaonekana jiwe la matumbawe lenye ufa na shina la mnazi uliopinda. Nilizipenda rangi tu. Kumbe nilikuwa nimepiga picha ya mpaka dakika chache kabla ya kuung'oa. Nitampa Mzee Pandu simu aishike mkononi mwake mwenyewe.

Naogopa. Mzee huyo aliniombea dua siku ya harusi, nikambusu mkono. Na majirani watasema bibi harusi wa mjini alikuja na hina akaondoka na mpaka wa watu. Wacha waseme, maana ni kweli.

Kanga nimeifua, lakini udongo wa shamba umegoma kutoka pindoni. Nitaivaa hivyohivyo.

Mama, najua wajukuu wanakusomea ninayoandika humu. Kabla mwezi huu haujaisha, kabla sheha hajakaa kwenye jamvi, nitakuja. Utaniona uani kwako, kopo mikononi, na kwa Mzee Pandu nitatangulia mimi.