Kikombe Si Dawa

Kegalle, 9 Februari 1993

Mwanangu Malkanthi,

Buddha akulinde huko Kuwait. Mimi mzima, kasoro hii sukari. Jana daktari wa kliniki alikunja uso, imepanda tena. Akaniuliza, kama anavyoniuliza kila mwezi, "Mzee, unatumia dawa nyingine?" Nikamwambia hapana. Akaniongezea kidonge, sasa nameza viwili.

Mimi najua kilichoipandisha. Kikombe changu cha mti wa kothala himbutu, ule unaoshusha sukari, kimechakaa. Zamani nikilaza maji humo, asubuhi nayakuta mekundu kama chai ya rangi. Siku hizi yanabaki meupe vilevile yalivyotoka kisimani. Mti umekwisha nguvu, na mwenye mti pia. Jirani yetu mama Somawathi, unamjua mdomo wake, anasema nikitupe nioe, angalau mke ataniwekea chai. Nimemwambia kisukari peke yake kinanitosha.

Unakula vizuri? Yule bibi unayemtunza anakupa nafasi ya kupumzika?

Baba yako.

---

Kuwait, 3 Machi 1993

Baba,

Nainama miguuni pako. Sijambo. Bibi ninayemtunza naye hajambo; ana kisukari kama wewe, na kisirani kukushinda.

Hayo maneno ya kwisha nguvu sitaki kuyasikia tena. Mama ametutoka, nimebaki na wewe tu. Nimemwandikia mzee Ukkubanda, mchongaji wa Ratnapura, akuchongee kikombe kipya kwa kipande cha katikati ya mti, kikufikie kabla ya mwaka mpya wetu wa Aprili. Ndiyo zawadi yangu, maana mwaka huu pia sitakuwepo kukulisha wali wa maziwa. Vidonge navyo usiache. Vitasaidiana na kikombe, kidole kimoja hakivunji chawa.

Binti yako, Malkanthi.

---

Kegalle, 20 Aprili 1993

Mwanangu,

Buddha akulinde. Mimi mzima, tena mzima hasa. Kikombe kimefika, na maji yake ni mekundu mpaka nilimwita mama Somawathi aje kuona. Kila asubuhi nakunywa maji yangu, nameza vidonge viwili, ndipo natafuta chakula. Kliniki wamenipima: sukari imeshuka, daktari akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akasema vidonge vinafanya kazi. Akaniuliza kama natumia dawa nyingine, nikasema hapana.

Kuna jambo dogo tu. Jua likipanda, mikono hunitetemeka na jasho hunitoka. Juzi nilimwita mama Somawathi kwa jina la marehemu mama yako. Alicheka hadi akakaa chini. Ni joto la Aprili, litapita.

Baba yako.

---

Kuwait, 6 Mei 1993

Baba,

Nainama miguuni pako, lakini leo sina salamu ndefu. Hilo si joto! Bibi wa hapa alitetemeka hivyohivyo siku aliyomeza vidonge akakataa kula. Muuguzi alisema sukari imeshuka kupita kiasi, na kwamba mtu huanza kuropoka, akazimia, hata akafa.

Kikombe kinashusha na vidonge vinashusha. Tena daktari alikuongezea kidonge wakati kikombe cha zamani kimekwisha nguvu, halafu mimi nikakuletea kipya. Kiweke chini leo hii. Nenda ukamwambie daktari kila kitu. Kwa nini unamficha? Naogopa, Baba. Zawadi ilitoka kwangu. Nijibu upesi.

Malkanthi.

---

Kuwait, 10 Juni 1993

Baba,

Sijapata jibu. Wiki hii nimeunguza wali wa bibi mara mbili na hata hakunigombeza, kwa jinsi alivyoona uso wangu. Kama huwezi kuandika, mwambie mama Somawathi aniandikie, hata neno moja. Hata kama ni lile nisilotaka.

Binti yako.

---

Kegalle, 14 Juni 1993

Mwanangu Malkanthi,

Buddha akulinde. Usiogope mwandiko huu, ni wa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa, niliuvunja sukari iliposhuka nikaanguka kando ya kisima. Barua yako ya Mei ilinikuta hospitali.

Mama Somawathi alinitia kipande cha sukari guru mdomoni, nikatafuna, lakini haikufaa kitu. Daktari anasema mti ule huichelewesha sukari ya chakula tumboni, haiingii upesi kwenye damu. Mpaka waliponitundikia maji ya sukari kwenye mshipa, ndipo nikajua niko wapi.

Alinigombeza. "Mzee, kwa nini ulinidanganya?" Nikamwambia, sikukudanganya hata siku moja. Uliniuliza dawa. Kikombe si dawa, kikombe ni chombo. Umewahi kuniuliza habari za sahani?

Siku ya kliniki daktari alisimama mbele ya wagonjwa, akauliza, "Nani anatumia dawa nyingine?" Hakuna aliyeinua mkono. Akauliza tena, "Nani anakunywa maji ya kikombe cha mti?" Watu wakatazamana. Mkono mmoja ukapanda, halafu wa pili, halafu karibu benchi zima. Nami nikainua wangu wa kushoto. Daktari wa watu alikaa chini.

Sasa nameza kidonge kimoja. Kikombe chako sijakitupa, mwanangu, na sitakitupa. Nakitilia maua mbele ya picha ya mama yako. Usilie, ulinitakia uzima.

Mama Somawathi anakusalimu. Siku hizi huniletea chai isiyo na sukari kila asubuhi, na haondoki mpaka nile. Leo nimemshukuru kwa jina lake mwenyewe, si la mama yako. Nimeona amesikitika kidogo.

Baba yako.