Jiwe Lililotaja Isa

(Majina tumeyabadilisha, isipokuwa la Isa. Bila jina hilo barua haina maana, na kina Isa mjini hapa ni wengi.)

Mama Célestine,

Nakuandikia juu ya meza ileile ninayoshonea, hapa Malvern, Jo'burg, kanzu ya mwanamume iko mbele yangu na sijui niimalize au niikimbie, nisaidie maana akili yangu imegoma. Mimi ni mwanamke wa Tanga, fundi cherehani, na mwaka jana Nassir, mlinzi wa Jeppestown, alileta posa, mtu mpole, anayeswali, ambaye nikiugua ndiye aliyekuwa akiniletea uji, nami nikamwambia nipe muda nifikirie, kwa sababu jicho lilikuwa pia kwa Isa, kijana wa Dar anayeuza simu Marshalltown, maneno matamu na viatu vyeupe.

Wakati huo nilikuwa nimeanza darasa la Jumamosi la runi. Runi, mama, ni herufi za Wazungu wa kale wa kule kwenye baridi kali, zimechorwa kwenye mawe madogo, kila moja lina jina lake na maana yake, unayatia kwenye kifuko, unauliza swali, unachopoa moja, likitoka kichwa chini maana inageuka, na ukitaka jambo litimie unaiweka alama yake kwenye kitu cha mtu unayemkusudia. Nikajiambia hii si ramli, ramli naijua, babu alikuwa akiipiga na mama akatukataza tusiikaribie, hii ni kozi, ina kijitabu cha Kiingereza na chai ya mapumziko.

Basi nikaketi na shoga yangu Biubwa, nikauliza mume wangu ni nani, nikachopoa, jiwe lina mstari mmoja tu uliosimama, nikatafuta jina lake kwenye kijitabu nikaona limeandikwa ISA. Biubwa akaruka, "Eish, shoga, jina limetoka lenyewe! Unataka nini tena, malaika ashuke?" Kijitabu nikakifunga palepale, sikusoma hata mstari wa pili, nikampigia Nassir nikamwambia hapana. Akasema, "Sawa, Bushra. Mungu akupe unachokitaka." Sauti ile bado naisikia.

Isa mwenyewe hakuwa na habari. Nilimshonea shati, ndani ya kola nikatia runi ya kuunganisha watu wawili, ile ya mistari miwili iliyokatizana, akaifumua akisema inamkwaruza shingo, na baadaye nikajua ana mke Temeke. Nilipomlalamikia mwalimu kwamba jiwe limenidanganya, akanitazama kwa huruma akasema, "Isa si mtu. Ni barafu. Linakwambia tulia, usiamue lolote kwa sasa." Nililia mbele ya darasa zima.

Sasa Nassir anaoa, binti wa Pangani, na juzi kaja na kitambaa cha kanzu ya harusi, akasema, "Nishonee wewe, wengine wananiharibia shingo." Mama, kwa nini mimi, mafundi wamejaa Jo'burg yote hii, si ishara hiyo? Ile runi ya kuunganisha nimeshaitia ndani ya pindo, kwa uzi mweupe, haionekani. Anakuja Ijumaa. Nimpe ikiwa nayo, au nichopoe jiwe lingine nijue kama bado ananitaka? Nampenda, mama. Nimechelewa kujua, lakini nampenda.

Bushra, Malvern

Bushra binti yangu,

Nilikucheka kwanza, unisamehe. Halafu nikafika pale Nassir anapokuombea Mungu akupe unachokitaka, nikaacha kucheka. Mkataa pema pabaya panamwita, na wewe pabaya ulipaendea mbio, ukiwa na shati mkononi.

Mimi ni Mkristo wa Bukavu, sitakufundisha dini yako. Lakini ramli ya Kizungu nayo ni ramli, hata ikiletwa na chai. Na jiwe usilisingizie. Jiwe, maskini, lilisema tulia. Isa alikuwa moyoni mwako kabla hujatia mkono kwenye kifuko; lingetoka jiwe la ng'ombe ungesema Isa anapenda nyama. Ndiyo maana ulifunga kitabu haraka.

Unauliza kwa nini Nassir alikuletea wewe kitambaa. Si alikwambia mwenyewe? Wengine wanamharibia shingo. Amekuletea kwa sababu unashona vizuri, basi. Najua linauma, ma fille, nami nimeumia kuliandika.

Hiyo alama ya mistari iliyokatizana, shuleni kwetu mwalimu akikuwekea kwenye hesabu ilimaanisha umekosa. Ifumue leo, kabla hujapika. Mwanamume kakuamini kwa shingo, wewe unamwendea kwenye pindo? Na yule binti wa Pangani amekukosea nini? Hata kama runi haina nguvu yoyote, wewe utakuwa umeingia kwenye ndoa ya watu bila hodi.

Usimwambie kwamba unampenda. Saa ya kusema hivyo ilikuwa wakati wa uji. Ukimwambia sasa utautua mzigo wako ukamtwike bwana harusi. Kalie kwa Biubwa, kwani naye ana sehemu yake, na akianza habari za malaika mfungie mlango. Kitu kimoja unaruhusiwa kumwambia Nassir: "Nilikukataa vibaya, tena kwa simu. Nisamehe." Usiongeze neno.

Mawe mrudishie mwalimu, wala usichopoe hata moja la kuagia.

Ijumaa kanzu iwe safi, imepigwa pasi, na shingo yake uidarizi kuliko shingo zote ulizowahi kudarizi. Akiivaa ikamkaa, sema hongera. Utatamani kusema jingine. Tulia, Bushra. Ndilo uliloambiwa tangu mwanzo.

Mama Célestine