Malisho Niliyomnyima Shemeji

Jumanne, New Site

Hatimaye Wani amekuja kuomba. Mume wangu alipozikwa, huyu shemeji alijitwalia upande wa shamba wenye rutuba, akaniachia changarawe. Nilipochanganya samadi na mbolea kidogo ya dukani, nikapanda mtama na kunde pamoja kwa malisho ya mbuzi, aliwaambia watu kanisani kwamba msiba umeniharibu akili.

Yeye alipanda mtama mtupu, bila samadi. Umenyauka, na mbuzi wake wamebaki mifupa.

"Mama Keji, nisaidie mzigo mmoja tu wa malisho."

"Kata kule kwenye shamba la kaka yako," nikamwambia. "Si ulilitaka?"

Kisha nikawakatia mbuzi wangu mbele yake, taratibu, hadi akaondoka.

Naogopa atakuja kulichoma shamba langu. Lakini leo nimekula nikashiba, mara ya kwanza tangu tumzike mume wangu.