Kaburi la Misana

Nansio, Jumamosi

Hatimaye tulikodi boti kuvizunguka visiwa vidogo, mimi na mke wangu, kulitafuta kaburi la mwanetu Misana. Huku mvuvi aliyezama huzikwa ufukweni pale ziwa lilipomtoa, harudishwi kwao. Desturi hiyo inaniudhi hadi leo.

Kwenye kisiwa cha mwisho tulimkuta mama akianika dagaa. Aliutazama msalaba tuliobeba.

“Shikamoo, baba. Mnamtafuta aliyezama? Twendeni huku nyuma ya vichanja.”

“Marahaba. Mbona makaburi ni mawili?”

“Walitolewa majini wiki ileile. Waliowazika walishahama kambi.”

“Misana ni yupi?”

“Baba, nisikudanganye.”

Mke wangu aliyalilia yote mawili. Mimi niliinamisha kichwa tu.

Msalaba wenye jina lake tumerudi nao. Sikuthubutu kuusimika juu ya mtoto wa mtu mwingine.